Hisa za Kuazima

Hamida alishughulikia mizigo katika duka la vitambaa Bur Dubai, na kwa miaka tisa alikuwa hajakosea nauli ya robota hata moja. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 2000, pazia aliloagiza kwenye intaneti kutoka kampuni changa ya Marekani lilipomfikia bila malipo ya usafiri, alicheka peke yake. Nauli ya lile boksi ilikuwa mara mbili ya bei ya pazia. Na bado hisa za kampuni hiyo zilipanda kila wiki.

Alipanda ghorofani kwa Ami Jaafar, dalali wa hisa, mzee wa Kiunguja.

"Hawa watafilisika. Nataka kuuza hisa zao."

"Huna hata moja, mwanangu."

"Niazimie mia. Niuze leo kwa dola ishirini, zikianguka ninunue rahisi, nimrudishie mwenyewe zake, tofauti iwe yangu."

Jaafar alivua miwani. "Mnunuzi akikosea hupoteza alichoweka, basi. Wewe bei ikipanda, hasara yako haina dari, na lazima ununue urudishe. Tena mwenyewe anaweza kuzitaka siku yoyote."

"Sikosei, Ami. Nauli naijua."

Jaafar akamwazimia hisa mia, akaziuza kwa ishirini, na Hamida akaweka dhamana ya fedha. Wiki ya pili bei ilifika ishirini na saba. Jaafar akataka dhamana zaidi. Hamida akaitoa bila kutetereka, maana alikuwa ameitenga tangu mwanzo. Bei ilipofika thelathini na moja, aliitwa tena.

"Nilete dhamana nyingine?"

"La. Mwenye hisa anazitaka. Nimetafuta pengine pa kuazima, hakuna."

Alizinunua kwa thelathini na moja, akazirudisha. Akiba ya mwaka mzima ikaenda. Alirudi kwenye mizigo yake, akakokotoa nauli za robota za siku hiyo.

Mwezi Mei hisa zile zilianguka hadi dola moja na nusu. Wenzake dukani walimpa pole, yeye hakuitaka. Kesho yake alikuwa mbele ya Jaafar na karatasi za kampuni nyingine, inayouza magodoro kwenye intaneti na kuyasafirisha bure.

"Hujakoma?"

"Nimekoma kuazima. Nasikia kuna mkataba wa haki ya kuuza kwa bei ya leo hata zikianguka baadaye. Nikikosea, ada niliyolipa ndiyo hasara yote."

"Na muda ukiisha kabla hazijaanguka, ada imekwenda."

"Iende. Nitakuwa nimeijua kabla sijaanza. Nipe fomu, Ami."

Jaafar alimsogezea kalamu.