Nusu-krauni Mbili za Bi Edna

Wilf Ackroyd hakuwahi kununua sarafu ya zamani kabla ya kuiangusha mezani na kuisikiliza. Fedha hulia, madini mengine hugonga tu, basi. Mashine za kiwanda cha sufu zilikuwa zimemharibia masikio, lakini mlio huo haukumpita. Tangu mkewe Doreen afariki, kila Jumapili alishuka uwanjani katika mji wa Keighley, Uingereza, ambako watu hufungua buti za magari yao na kuuza vikorokoro vya nyumbani. Alitafuta shilingi na nusu-krauni za zamani, sarafu za Kiingereza za enzi ambazo serikali ilikuwa bado inatia madini ya fedha kwenye pesa zake. Alirudi nazo, akaziyeyusha bandani, akazimimina ziwe mche mzito mweupe, kama mche wa sabuni. Hakuwa na shida ya pesa. Alipenda tu kuwa na shughuli.

Jumapili moja ya Novemba, Bi Edna Sugden, ajuza mwenye koti la kijani, alimsukumia mkebe wa biskuti uliojaa sarafu, akataja bei ya kutupa.

"Chukua wote, bwana. Usichague."

"Mbona bei ya bure hivi, bibi? Umeziiba?"

"Ningekuwa mwizi ningeiba vya maana. Chukua, uende zako."

Ndani mlikuwa na shilingi chungu nzima, na chini kabisa nusu-krauni mbili zenye sura ya malkia mmoja mzee wa zamani, zimefungwa kwenye kitambaa cheusi. Upande mmoja ziling'aa. Upande wa pili zilikuwa nyeusi tititi. Wilf aliziangusha mezani, zikalia vizuri. Nyumbani akazitia chunguni pamoja na nyingine, akawasha moto.

Kesho yake mchana alikuwa akimenya viazi, akahisi anatazamwa. Si kutoka dirishani. Kutoka kwenye kiti cha Doreen, kando ya jiko. Aligeuka: kiti kitupu. Akarudi kwenye viazi, shingo ikamsisimka tena. Akakigeuza kiti kikaelekea ukutani. Macho yakamtazama kutoka ukutani. Aliponyoa ndevu yalikuwa mgongoni mwake. Alipokula yalikuwa mbele ya sahani, akaisukuma kando.

"We nani?" aliuliza siku moja, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Alhamisi, jua likiwa limejaa jikoni, alimwona. Mwanamume mwenye fulana ya kazi, amelowa chapachapa, amekaa kwenye kile kiti huku maji yakimchuruzika mikononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekodoa macho tu, kama mtu aliyechoka kupita kiasi na usingizi umemkataa. Wilf alipopepesa, hakukuwa na mtu. Mto wa kiti ulikuwa umelowa.

Yote yalianza na mkebe ule; Jumapili akautia mche mfukoni, akaulizia uwanjani mpaka akafika mlangoni kwa Bi Edna. Yule bibi alipomwona tu, alishika fremu ya mlango.

"Umemwona."

"Ni nani yule, bibi?"

"Baba yangu." Alimkaribisha ndani, akamimina chai. "Alizama kwenye bwawa la kiwanda. Walipomwopoa, macho yalikataa kufumba. Mama akamwekea zile nusu-krauni juu ya macho, zibane kope. Siku ya kufunga jeneza akaziondoa. Tulikuwa watoto watano, bwana, na ndani hamna hata kipande cha mkate. Lakini mkono ulimkatalia kuzitumia. Tukalala njaa, na zikabaki."

"Na wewe ukaniuzia mimi!"

"Nikakuuzia wewe," alisema, akainamisha kichwa. "Nilitaka nife bila kutazamwa. Nisamehe. Zirudishe, nitavumilia."

Wilf aliuweka mche mezani. "Nimeziyeyusha. Zimo humu na nyingine zote. Hata mimi sijui ziko wapi."

Bi Edna aliushika ule mche, akalia kwa mara ya kwanza. Wilf, aliyekuja na matusi yake tayari, akajikuta anamtafutia leso.

"Basi apewe wote," alisema.

Jioni ile ile walipanda makaburini, Wilf na koleo dogo la bustani, Bi Edna na fimbo yake. Wilf alichimba kaburi la yule baba, upande wa kichwani, mpaka mkono ukazama hadi kiwiko, akaulaza mche, akafukia. Bi Edna aliinama juu ya udongo.

"Lala sasa, baba. Mama hakufanya kwa ubaya. Lala."

Upepo ulipita kwenye nyasi. Hawakuona kitu wala kusikia kitu.

Wilf alirudi nyumbani, akaketi jikoni, akangoja shingo imsisimke. Haikusisimka. Nyumba ilikuwa kimya, kiti kikavu, hakuna aliyemtazama akila wala akinawa. Alidhani atafurahi. Badala yake ukimya ule ulimwelemea kifuani kuliko yale macho, akawasha redio, akaizima.

Jumamosi alirudi kwa Bi Edna. Yule bibi alifungua mlango kabla hajabisha.

"Kwangu kumekuwa kimya mno," alisema.

"Hata kwangu," akajibu Wilf, akavua kofia.