Pamba za Mpiga Kengele

Shuleni hapo mpiga kengele aliheshimika kuliko kiranja mkuu, kwa sababu moja tu: haoshi vyoo. Ndiyo maana kijana aliyeitwa Saa Mbovu alikuwa hana raha. Wiki hiyo alishachelewesha kengele ya alfajiri mara mbili, na mwalimu wa zamu alimwambia wazi, "Ukirudia tena, nakunyang'anya kengele nakupa brashi."

Kosa halikuwa lake. Kwenye kitanda cha chini yake alilala Jenereta, mpole kabisa mchana, ambaye usiku alikoroma mpaka vikombe vikatembea juu ya masanduku. Saa Mbovu alipata usingizi pale tu mpishi anapokaribia kuanza kugonganisha masufuria, nayo masufuria hayo ndiyo yaliyokuwa saa yake ya kuamkia.

"Ndugu yangu, si ulale ubavu?"

"Mimi sikoromi," Jenereta alijibu kwa uchungu wa mtu anayesingiziwa. "Ningekuwa nakoroma, si ningesikia?"

Basi Saa Mbovu akaomba pamba kwa nesi, akaichovya kwenye nta ya mshumaa, akajiziba masikio. Kimya kikaingia kama mgeni wa heshima. Lakini masufuria angeyasikiaje? Jenereta alikuwa na desturi moja: kila alfajiri alimtangulia mpishi kuamka ili aende kujisaidia. Saa Mbovu akamfunga uzi kwenye kidole gumba cha mguu, ncha ya pili akajifunga mwenyewe. Akalala fofofo.

Usiku wa manane Jenereta akaota anapiga penalti.

Kidole cha Saa Mbovu nusura kiuage mwili. Akaruka, akakata uzi, akakimbilia rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya jiko, akagonga. Kwa masikio yale, sauti ilimfikia kama kijiko kwenye uji. Kengele gani hii ya kinyonge? Akagonga kwa mikono miwili. Mabweni yakawaka taa. Watu wakamiminika na ndoo, wengine wamevaa shati nyuma mbele. Akawaona wamemwelekea wakipanua midomo, akadhani wanampongeza, akaongeza bidii.

Mwalimu wa zamu akatokea amejifunga shuka, akamshika mkono, akamchomoa pamba zote mbili.

"Saa ngapi hii, wewe?"

"Shikamoo, mwalimu. Alfajiri."

"Alfajiri ya wapi? Mpishi bado anaota! Na uchafu huu ni nini?"

"Pamba, mwalimu. Mwenzangu anakoroma."

"Kwa hiyo hata ulichokuwa unapiga hukisikii?"

"Nilikisikia kidogo, mwalimu. Nikaona aibu."

Umati ukaangua kicheko. Saa Mbovu akaanza kuiaga kengele moyoni. Mwalimu akawafukuza wote wakalale, kisha akabaki akizigeuzageuza zile pamba kwenye mwanga wa tochi. Nyumbani kwake kulikuwa na mapacha wachanga, waliolia kwa kupokezana bila kukosea ratiba.

"Hebu niambie," akauliza kwa sauti ya chini, "zinafanya kazi kweli?"

"Mwalimu, mpaka uliponishika mkono ndipo nikajua upo."

Mwalimu akaguna. Akazifuta kwenye shuka, akatazama huku na huku, akageuka kwenda zake.

"Na vyoo, mwalimu?" Saa Mbovu akamwita kwa nyuma. "Nianze kuosha kesho?"

Mwalimu hakujibu wala hakugeuka. Pamba zilikuwa zimeshaingia masikioni mwake, naye alikwenda taratibu, mabega yameshuka kwa raha.

Saa Mbovu akakichukua kimya hicho kuwa ni hapana, akarudi bwenini haraka kabla hakijabadilika.