Nyumba ya Kabla

Bwana Verhulst alikuja kwangu asubuhi nikiwa napiga deki, akaikanyaga sementi yangu na viatu vyenye tope, na hilo peke yake lilitosha kunipandisha roho. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi wa nyumba katika mtaa wetu wa Katuba. Mradi ulitujengea nyumba za matofali na bati, nasi wafanyakazi tukawa tunazilipa polepole kwa mkopo. Mume wangu Floribert, fundi wa karakana, alikuwa bado analipa.

"Albertine," akasema, "mukaguzi anatoka Bruxelles. Anakuya kuangalia kama mradi ilisaidia bantu, ao ilikuwa bure."

"Ilisaidia, Bwana. Nyumba njo hii, aangalie."

"Anataka kuona maisha ya zamani pia. Bila kuona ya zamani, atapima namna gani ya sasa?"

Nikamwambia ampeleke kwenye kambi ya wafanyakazi tulikotoka. Akawa mwekundu hadi masikioni. Kambi ile nayo ilijengwa na wazungu, tena wenzake, na mtu hamtembezi mgeni kwenye aibu ya nyumbani. Kule tulikaa chumba kimoja, moshi wa majirani ukituingilia juu ya kuta zisizofika bati. Nilizika watoto wawili kule, wote kwa ugonjwa wa kifua. Wa tatu, Constance, alianza kukohoa vilevile, na tulipohamia Katuba kikohozi kikakatika. Kwa hiyo aliyetaja nyumba yangu alikuwa anataja pumzi ya mwanangu.

Bwana Verhulst alikuwa ameshapanga kila kitu. Kibanda cha nyasi kingejengwa nyuma ya uwanja wangu, maana uwanja wangu ndio uliokuwa safi kuliko yote. Jirani yangu Angélique angevaa nguo iliyochakaa, akae ndani, ajifanye mwanamke ambaye mradi haujamfikia. Mkaguzi akiridhika, mradi unaendelea. Asiporidhika, mradi unafungwa, na kila aliye na mkopo anarudi kambini.

Nilicheka, hata kama jambo lenyewe halikuchekesha. Sisi ni watu wa kaskazini. Baba yangu alifika huku na reli, amevaa viatu, na mimi sijawahi kulala chini ya nyasi hata siku moja. Hiyo kabla ya kuonyeshwa mgeni ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya akina Kalaba. Kalaba alikuwa muuza makaa, mzee wa Kilamba, kabila la wenyeji wa pale, na mababu zake walilima hapohapo kabla mitaa haijapigwa kamba. Waliambiwa wahame, wakahama, makaburi yakabaki. Bwana Verhulst alimwita ajenge, naye akajenga vizuri, kibanda cha duara chenye mlango mfupi wa kuinamia. Alipokuwa anamalizia paa akaniuliza:

"Mama, nani atalala mule?"

"Hakuna. Ni ya kuonyesha mukaguzi tu."

Akaacha kufunga kamba. "Nyumba ya bila mwenyewe? Apana, Mama. Leo uwashe moto mule, weye mwenyewe, na mulale mule hata usiku moya. Ikibaki baridi pa hii udongo, benyewe ba udongo batasema ni yabo."

"Baba Kalaba, miye ni mukristu, niko na kitanda. Nilale chini na panya?"

"Basi washa moto tu."

Lakini moto Bwana Verhulst alikuwa ameukataza, eti nyasi zisije zikaungua kabla mgeni hajafika. Kwa mara ya kwanza maishani nikakubaliana naye. Kichwa kilikuwa kimenivimba kwa ajili ya sementi yangu.

Kesho yake asubuhi moshi ulikuwa unapenya kwenye paa la kibanda, mwembamba na mweupe. Nilikwenda na ndoo ya maji na matusi tayari mdomoni. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na mafiga matatu, majivu ya moto, na harufu ya uji wa mtama, na sakafu ya udongo ilikuwa imefagiliwa kwa ufagio wa majani. Niliyamwagia maji yale majivu, nikatoka, nikaenda moja kwa moja hadi anapouzia makaa Kalaba, nikamwita mwongo na mchawi mbele ya wateja wake.

Alinisikiliza hadi nikachoka. "Miye sikurudia pale, Mama," akasema. "Na sitarudia."

Siku zilizofuata pakatokea njia ndogo kwenye majani, imekanyagwa vizuri, kutoka mlango wa kibanda hadi mlango wa jiko langu. Floribert alisema ni siafu. Mwanaume akiwa hataki kuogopa hukosi kusikia habari za siafu.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi, Bwana Delvigne, alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kushukuru kwa kila kitu, hata kiti. Hakujua Kiswahili; karani Jeannot ndiye aliyemtafsiria. Aliniuliza tunakula nini, tunalala wangapi, nani anaugua. Aliweka sikio kwenye mgongo wa Constance, akasikiliza, akatabasamu. Nilijivuna, sifichi. Kisha akafunga kalamu yake, akaomba aonyeshwe maisha ya kabla.

Angélique alikuwa hajaonekana. Baadaye nilisikia kwamba alifika hadi kwenye uzio, akaona mtu ameshakaa ndani ya kibanda, akarudi kwake amenuna, akidhani kazi yake tumempa mwingine. Wakati ule hatukujua. Bwana Verhulst alikuwa anatoka jasho, anageuka huku na huku, na kabla hajapata la kusema mkaguzi akainama, akaingia, Jeannot akamfuata.

Tulibaki nje, mimi na Bwana Verhulst. Tulisikia sauti ya Jeannot ikiuliza. Kimya. Kisha Jeannot akisema Kifaransa. Akauliza tena. Kimya kirefu. Kifaransa tena. Bwana Verhulst alinishika mkono bila kujua, na mimi sikuutoa.

Walipotoka, mkaguzi alikuwa anang'aa kwa furaha. Jeannot uso ulikuwa umempauka. Nikamvuta pembeni.

"Ulikuwa nasema na nani mule?"

"Na ule mama."

"Mama gani, Jeannot? Mule hamuna muntu!"

"Iko mule, Madame. Anasema Kilamba. Miye sijue Kilamba. Lakini nilisikia yote. Mukaguzi aliuliza kama iko na batoto. Akasema iko nabo bengi, balilala chini ya sementi yenu. Akauliza kama anataka nyumba. Akasema iko nangoya tu bamukaribishe."

Wakati huo mkaguzi alikuwa anamweleza Bwana Verhulst wazo lake, na Jeannot akalazimika kulirudia ili nami nilielewe. Wenzake, alisema, hulinganisha nyumba na nyumba. Yeye alitaka kulinganisha watu. Mwanamke wa kabla ahamie nyumba ya matofali, na mama wa nyumba ya matofali arudi kwenye kabla. Mvua zikiisha atakuja awahoji wote wawili. Majibu yao kuhusu kila nyumba na watu wake yakipatana, mradi umethibitika. Yakigongana, atajua kwamba alidanganywa, na mradi atauvunja siku hiyohiyo.

Bwana Verhulst akaninong'oneza. "Albertine, nilichungulia, mule hamuna muntu. Jeannot iko mulevi. Sema tu karibu, toa funguo. Mukaguzi anaenda, weye unabaki mu nyumba yako."

Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa nimeyaona majivu na ile njia. Lakini nilimtazama Constance amekaa kizingitini, nikaikumbuka kambi, na kambi niliiogopa zaidi.

Nikasimama mbele ya mlango ule mfupi, nikanyoosha mkono wenye ufunguo ndani ya giza. "Karibu, Mama," nikasema. "Nyumba ni yako."

Nilitaka kuurudisha mkono upesi. Sikuwahi. Ufunguo ulipokelewa, kwa mikono miwili, kwa adabu, na vidole vilivyonigusa vilikuwa vikavu na baridi.

Nilikimbilia mlango wa mbele wa nyumba yangu. Ulikuwa umefungwa. Nikagonga, nikamwita Constance. Aliyefungua alikuwa mwanamke ambaye sura yake sikuijua, amevaa kikwembe changu, amejifunga kitambaa changu kichwani. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama nataka maji. Nyuma ya kikwembe cha yule mwanamke Constance alikuwa ananichungulia kama anavyochungulia wageni.

Bwana Verhulst akanipita. "Asante, Albertine, kazi muzuri," akasema, na alikuwa anamwambia yeye. Mimi alinikwepa, kama mtu anavyomkwepa mwombaji barabarani.

Jioni Floribert alirudi kutoka kazini. "Jambo, Mama," akasema, akapita. Nikamshika mkono. Nikamwita kwa jina alilopewa na mama yake, ambalo hapa mjini nalijua mimi tu. Nikamwambia ni miye, mke wako, unitazame. Aliutoa mkono wangu taratibu, kwa huruma.

"Unisamehe, Mama," akasema. "Sisikie Kilamba."

Mimi nilidhani nimesema Kiswahili.

Nililia hadi machozi yakakauka. Kisha baridi ikanishinda, nikaingia kibandani, nikawasha moto. Msimu wote wa mvua nilikaa mule. Nilijaribu kuongea na majirani, wakanipa viazi. Niliketi mlangoni kutwa nikimchunguza yule mwanamke, nikitafuta kosa moja tu, kwa sababu hasira zangu zilihitaji mahali pa kukaa. Sikulipata. Alimwogesha Constance kwa maji ya moto. Alimfunika kifua upepo ulipovuma. Alimlisha kwanza, yeye akala mwisho. Mtaa mzima ulimwita Mama Constance, na alipoitwa aliitika haraka, kama mtu aliyengoja sana kuitwa mama. Nilimchukia kwa moyo wote, na kila usiku nilimwombea asichoke.

Mvua zikaisha, mkaguzi akarudi. Alianza na nyumba ya matofali. Nilisikia kicheko chake, nikasikia vikombe. Kisha akaja kwangu, akainama, akaingia na Jeannot, wakachuchumaa karibu na moto. Jeannot hakunitazama usoni. Mkaguzi aliuliza ninakula nini, ninalala na nani, nani anaugua. Nilijibu kila kitu kwa lugha nisiyoijua, na maneno yalitoka bila kukwama.

"Anauliza kama uko na mutoto," Jeannot akasema.

Juu ya bega la mkaguzi niliuona uwanja. Constance alikuwa anamfukuza kuku. Alikimbia hadi kwenye uzio, akageuka, akarudi mbio, mdomo umefumba, anapumua kwa pua, hakohoi. Yule wa ndani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Constance, bila shaka alikuwa ameshasema mtoto ni wake. Nikisema ni wangu, majibu yangegongana, na kabla ya giza kuingia mwanangu angekuwa njiani kurudi kambini.

Nilimtazama hadi akapotea nyuma ya nyumba.

"Sina," nikasema.

Jeannot akatafsiri. Mkaguzi akaandika, kisha, mtu mpole yule, akainua kichwa akamwomba Jeannot aniambie pole.