Audio Kutoka Mavivi

Audio ile iliingia kwenye simu ya Ornella akiwa darasani Butembo, katikati ya somo ambalo hakuwa akilisikiliza.

Mbele ya darasa Assistant Salomon, mwalimu msaidizi wa chuo, alikuwa akieleza namna ya kupima habari za mtandaoni kabla ya kuziamini. Lilikuwa somo jipya, na wanafunzi wengi walilichukulia kama mapumziko. Ornella naye hivyo hivyo. Tangu asubuhi alikuwa amepitia groupe zake zote za WhatsApp, akisoma mistari ya juu tu na kusonga mbele. Kufungua ukurasa wa redio kulikula mega za intaneti. Groupe zilileta kila kitu bila kuombwa.

Aliinamisha kichwa na kuweka simu sikioni. Mwanamke alikuwa anahema.

"Bamefika huku Mavivi. Bamefika. Batu yote banakimbia. Yesu, batoto..."

Ikakatika. Chini yake kulikuwa na picha ya nyumba za mbao zikiwaka moto, na agizo la kuituma kila mahali.

Mavivi, karibu na Beni, ndiko kwao, na kule "bamefika" ilimaanisha wauaji wenye mapanga. Mama yake, Berthe, alilima kakao upande wa msitu, na asubuhi kama ile alikuwa shambani pamoja na Élise, kitindamimba wao, ambaye alikuwa bado mdogo kwa shule. Ornella alipiga simu ya mama. Sauti ya mashine ikamjibu kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Akapiga tena. Akawa anabonyeza mahali pasipo penyewe.

Alisimama. "Assistant, pardon. Kwetu bameingia."

Hapo simu za wengine nazo zilikuwa zimeanza kutetemeka juu ya meza. Salomon alishuka, akachukua simu ya Ornella na kusikiliza audio mara mbili. Yeye alikuwa mtu wa Oicha, mbele kidogo tu ya Mavivi kwenye barabara ileile. Ornella aliona jinsi midomo yake ilivyokauka, na hilo likamwogopesha kuliko audio yenyewe.

"Mi nimeisha tuma kwa famille yangu ya Beni," alisema Sadrack, aliyekaa nyuma yao. "Bora bakimbie mapema."

Salomon aliipeleka ile picha kwenye mtandao kutafuta ilikotoka, na darasa zima likamzunguka. Haikuchukua muda. Picha ilikuwa ya miaka miwili nyuma, ya moto wa soko moja mbali kabisa, mkoa mwingine.

"Donc, basi, ni uongo," alisema Ornella.

"Hapana furahi bado." Salomon alisema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Picha ya zamani haimaanishe kama leo hakuna kitu. Inaonyesha tu kama mutu aliongeza picha. Ule mama wa audio, yeye analia kweli. Tutafute mutu mwenye iko pale na mwenye ameona na macho yake. Uko na nani kule?"

Alikuwa na Jéthro, mtoto wa shangazi yake, aliyeendesha moto-taksi, pikipiki ya abiria, kati ya Mavivi na Beni. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika, ndipo Jéthro akapokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Ni mupira ya lori," alisema Jéthro kwa sauti ya juu. "Lori ya mbao. Mupira ilipasuka hapa barabarani, niko naiona. Batu balisikia mulio, bakawaza ni masasi ya bunduki. Mama moja akaanza kulia na simu mukononi."

"Hakuna mutu amekufa?"

"Hapa hakuna."

"Na mama yangu?"

Ornella alisikia mtu karibu na Jéthro akiita jina la mtoto, tena na tena.

"Bale ba mashamba balipata ile message, Ornella. Bakaona njia ya barabara ndiyo mubaya. Bakaingia musituni. Niliona Mama Berthe, alibeba Élise mugongoni."

Ornella alikaa chini palepale, sakafuni. Msituni ndiko walikotoka wauaji wa kweli. Msimu uliopita jirani zao walikatwa huko na mapanga, wakiwa wanachuma kakao yao wenyewe. Mama yake alikuwa amelikimbia lori na kuelekea kwa wauaji hao, na mgongoni alikuwa na Élise.

"Pigia mutu mwingine," Salomon alimwambia, akichuchumaa kando yake. "Jéthro ni mumoja. Tafuta wa pili, asiyekuwa pamoja naye."

Alimpigia Papa Ananie, kiongozi wa kwaya ya parokia yao, mtu aliyemfundisha kuimba alipokuwa mdogo. Papa Ananie alikuwa ametoka kuliangalia lori mwenyewe, na alisema yaleyale. Ornella akamsihi awarudishe watu.

"Kengele siwezi kupiga," alisema mzee. "Bataisikia, bataona ni ya hatari, bataenda mbali zaidi. Njia ni moja. Bamama ba kwaya batembee pembeni ya kakao, baimbe. Mwenye kujificha atajua sauti zetu." Akapumua. "Lakini, binti yangu, nitapeleka bake ba batu pembeni ya musitu juu ya maneno yako. Uko na hakika?"

Darasa lote lilikuwa linamtazama. Ornella alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na mama yake alikuwa nyuma ya neno hilo. Lakini aliwawaza wale wanawake wakitembea wakiimba, ambao wote aliwajua kwa majina.

"Papa, kuhusu lori niko na hakika," alisema. "Kuhusu musitu, hapana. Siyui nani iko mule ndani."

Mzee alimwita mtu aliyekuwa karibu, kisha akarudi kwenye simu.

"Aksanti," alisema. "Tutaomba basoda ba jeshi baende mbele. Na hatutapita mustari wa kakao." Akakata.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Salomon aliandika kwenye groupe: nini kimeonekana, nani amekiona, na nini bado hakijulikani. Sadrack alitoka uani na kuwapigia ndugu zake mmoja mmoja awaambie wasikimbie, mkono ukiwa juu ya kichwa. Majibu yalianza kuingia kwenye groupe. Mmoja aliuliza nani amewalipa wafiche vifo. Mwingine, mtu ambaye Ornella hakumjua, aliandika: bakirudi na bakauawa, damu iko juu yenu.

Ornella aliyasoma maneno hayo, akayasoma tena. Ndiyo aliyokuwa akiyawaza yeye mwenyewe. Alikaa kwenye ngazi za darasa, simu mapajani, maji aliyoletewa yakiwa kando. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimshtua. Akilini aliona kwaya ikikatwa mapanga katikati ya wimbo. Aliiona picha hiyo wazi kuliko ile ya WhatsApp, na hii hakuna mtandao ambao ungemwonyesha kwamba ni ya uongo.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama Jéthro alipopiga.

"Sikiliza," alisema tu.

Mbali, nyembamba, wanawake walikuwa wanaimba kwa Kinande, lugha ya kwao. Sauti zilitetemeka na baadhi ziliachwa nyuma na wimbo. Kisha Jéthro akaanza kutaja waliokuwa wakitoka kwenye miti: mama fulani, wazee wawili, watoto wa mwalimu. Alitaja wengi. Berthe hakumtaja. Wimbo uliisha, ukaanza mwingine, Ornella akiuma kitambaa cha nguo yake asipige kelele. Wa tatu ukaanza.

"Anakuja," alisema Jéthro. "Beko bote wawili."

Kwa muda Ornella alisikia pumzi tu, halafu sauti ya mama yake, ndogo kama ya mtu aliyeamka kwenye homa.

"Ornella."

"Mama, ilikuwa lori."

"Baliniambia." Berthe alivuta pumzi. "Tulilala ndani ya siafu. Zilimuuma Élise, hakulia. Nilimufunga kinywa na mukono yangu. Nilifunga sana, mpaka nikaogopa amekosa hewa. Kwaya ilipita karibu, na mi sikutoka. Niliwaza ni bale bauaji banaimba ili tutoke."

Ornella alilia sasa, bila sauti. Salomon alisogea mbali, akamwachia nafasi.

"Ile message ikiingia tena," mama yake alisema, "mi nitakimbia tena. Usinikatalie."

"Kimbia, Mama. Lakini kimbilia barabara, hapana musitu. Na unipigie kwanza."

"Na kama siku ile bauaji beko barabarani?"

"Ndiyo maana unipigie kwanza, Mama: nitauliza batu babili wenye banaona na macho yabo," alisema Ornella. Upande wa pili Élise alikuwa anaomba maji, na mtu akawa anatafuta kikombe.