Pumba za Prodyuza Samson

Samson wa Mikumi alijiita prodyuza kwa sababu alikuwa na kompyuta, na ukutani alikuwa amebandika trei za mayai za kuzuia mwangwi. Nilimdharau tangu siku ya kwanza, mimi niliyesomea kompyuta chuoni, ila kwa haya zangu sikumwambia.

Siku ya kisa hiki kompyuta yake ilikuwa inauzwa. Mnunuzi angefika saa nane. Nilitoka Kilosa na kompyuta ya kwaya, nimeifunga kwa kitenge na kuipakata njia nzima, ili niuhamishe wimbo wetu tuliourekodi kwake kabla haujauzwa nayo. Aliyeuongoza ni Kashindye wa Tindiga. Familia yake ilikuwa imeshahamia Rufiji na ng'ombe wao, kijiji gani hakuna aliyejua. Sauti ile tusingeipata tena.

Samson alinipa disketi moja. "Wimbo wote umo humo, dada Devotha."

Wimbo wa dakika sita kwenye disketi isiyobeba hata dakika moja! Niliifungua kwenye mashine yangu. Mistari ya kupangia sauti ilikuwepo, majina ya waimbaji yalikuwepo, sauti hakuna.

"Kaka, hii ni ramani tu," nilisema taratibu. "Sauti zenyewe ziko wapi?"

"Zile faili za namba namba? Zile pumba, dada. Mpunga ukishakobolewa, pumba unabebea nini? Nimezitupa asubuhi." Akacheka. "Chuoni hawakuwafundisha kukoboa?"

Miaka minne anarekodi watu, na hajui wimbo unakaa wapi. Hata mfuga kuku anajua mayai yake yalipo.

"Bado zitakuwa kwenye pipa la taka la kompyuta. Usiguse, nakuomba."

"Kumbe bado zimo? Umenikumbusha. Mnunuzi asije akakuta uchafu."

Akabonyeza. Majina ya faili yakaanza kupita kwenye kioo, moja baada ya jingine, yakifutika.

Mimi, ambaye hata kwenye kwaya hujificha nyuma ya mwimbaji mwenzangu Paulina, nilichomoa waya wa umeme ukutani.

"We! Utaniulia mashine!"

"Nipe bisibisi."

Akanipa. Nilifungua kompyuta yake, nikatoa hadi diski ya ndani inayohifadhi faili, nikaiunga kwenye yangu. Ubeti wa kwanza wa Kashindye ulikuwa umekwenda. Wa pili ulikuwepo, pamoja na pumzi aliyoivuta kabla ya kuanza.

Samson alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Si unaona? Nilikwambia wimbo upo."

Kaseti ilitoka hivyo hivyo, wimbo unaanzia katikati. Watu wa Kilosa wakiuliza ubeti wa kwanza uko wapi, nawaelekeza Mikumi.