Kiti cha Ngazi cha Marehemu Uwimana

Béata alikuwa amemzoea mama yake mgongoni kama wengine wanavyozoea kanga. Asubuhi alimshusha, jioni alimpandisha. Nyumba yao ya Mbugangari ilikuwa ya ghorofa, marehemu baba aliijenga wakati biashara yake ya mbao ilipokuwa imeshamiri. Chini palikuwa na sebule ndogo, jiko na choo vya uani, na chumba kikubwa cha barabarani walichompangisha muuza maharage. Vyumba vya kulala vyote vilikuwa juu. Baba alijenga akiwa kijana, na kijana hajengi nyumba akifikiria magoti.

Mama Donatha alizaliwa Goma, akaolewa upande huu wa mpaka, Rwanda, na Kiswahili cha kwao hakikumtoka mdomoni. Lakini tangu kiharusi kilipompiga mguu wa kushoto, maneno yalikuwa yamepungua. Mezani alinyamaza. Wageni wa kanisani walipokuja kumjulia hali, aliwajibu kwa kichwa. Mahali pekee alipozungumza ni mgongoni. Mikono yake ikiwa imemzunguka Béata shingoni, mdomo karibu na sikio, alisimulia mambo ya zamani: dada yake aliyetoroka na dereva wa lori, jirani aliyekimbia moto wa volkano akiokoa sufuria na kusahau picha za harusi yake. Wakifika juu, hadithi ilikatika hapo hapo, na kesho yake ikaanza nyingine.

Béata alikuwa amevuka hamsini, hana mume wala mtoto. Zamani alikuwa akivusha vitenge kila siku pale Petite Barrière, kwenye kivuko cha mpaka wa Goma, na alikuwa na kundi lake la wanawake wa kucheka nao kwenye foleni. Mama alipougua, akaacha. Mwanzoni walimpigia simu, kisha wakaacha nao. Marafiki wa njiani ni wa njiani. Zile hadithi za kwenye ngazi ndizo zilizokuwa zimebaki kuwa mazungumzo yake.

Siku moja ya mvua, goti la Béata lilikataa katikati ya ngazi. Aliukumbata ukuta, mama akamkaba shingo, wakakaa hivyo mpaka alipopata nguvu ya kusogea. Hakuna aliyeumia. Lakini alipomweleza kaka yake Mugabo, anayeishi Kanada, Mugabo alipiga kelele kwenye simu: "Mutakufa wote wawili! Tafuta dawa ya hiyo mambo, mi nitalipa."

Dawa aliiona kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mtu alikuwa ameweka picha ya kiti chekundu kilichokaa juu ya reli, na chini yake maneno: *Kinapanda ngazi chenyewe. Kimetumika, bado kizima.*

Mwenye kiti alikuwa Mzee Straton, mjane aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa upande wa juu wa mji. Alikulia Bukoba, akarudi Rwanda mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni.

"Karibu, binti yangu. Kiko pale."

Alibonyeza kitufe. Kiti kikanguruma polepole, kikapanda kitupu mpaka juu, kikasimama. Mzee hakukitazama. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikiliza habari.

"Kilikuwa cha bibi mmoja wa Ubelgiji," alisema. "Alipofariki, mwanangu anayeishi huko akakinunua na kunitumia. Mke wangu, Uwimana, amekipanda mpaka mwaka jana. Na yeye sasa hayupo."

"Pole sana, Muzehe."

"Asante. Sitaki kukuficha, betri zake zimekufa. Umeme ukikatika, kinasimama hapo hapo kilipo."

"Lakini kwa nini unauzisha? Kesho na we utazeeka zaidi, utakuwa na lazima nayo."

Mzee akaonyesha kochi la sebuleni. Juu yake palikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri na mto. "Mimi silali juu tena," alisema.

Hawakubishana sana juu ya bei.

Fundi Kwizera alikifungua, akakata reli kwa msumeno kwa sababu ngazi za Mbugangari zilikuwa fupi kidogo, akakifunga. Mama Donatha alikaa, akafungwa mkanda, mkoba wake mapajani, akapanda. Alipofika juu, akabonyeza kitufe akashuka. Kisha akapanda tena. Mara ya tatu alikuwa anacheka, kicheko chenye sauti, na Béata akapiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Tangu kiharusi kile hakuwahi kumsikia mama akicheka.

Jioni ile, muda wa kulala ulipofika, Béata alisimama chini ya ngazi, akageuka, akainama kidogo kama kawaida yake. Alisubiri uzito. Alipoangalia nyuma, mama alikuwa amefika katikati ya ngazi, anakwenda zake.

Baada ya hapo nyumba ikanyamaza kabisa. Mama alipanda alipotaka, akashuka alipotaka, uso umetulia, na hakusimulia kitu. Béata alijaribu kumchokoza. "Mama, yule dada yako na dereva, ilikwisha namna gani?" Mama alijibu, "Ilikwisha tu." Mgongo wa Béata ulipona maumivu yake yote, na akajishangaa kwamba hakufurahi.

Jumapili moja baada ya misa, Mzee Straton alibisha hodi akiwa na fungu la ndizi mbivu.

"Samahani, binti yangu. Nimekuja na ombi la kipuuzi. Nataka kukisikia kikishuka." Alivua kofia. "Nyumbani nilikuwa nakaa chini nasoma. Nikisikia kile kiti, najua mwenzangu anakuja. Sasa ni kimya mno."

Béata alimwita mama. Kiti kikaanza kunguruma. Mzee akafumba macho, mikono juu ya magoti. Kiti kiliposimama, alikaa kitambo kabla ya kuyafumbua, kisha akamwona mwanamke mwingine.

"Karibu, Muzehe," alisema Mama Donatha. "Ni we mwenye kiti? Keti. Béata, leta chai."

Béata akaenda jikoni. Alipokuwa akikoroga sukari, alisikia sauti ya mama ikitiririka, na kicheko cha mzee juu yake. Mama alikuwa anasimulia habari za dada yake na dereva wa lori. Na aliimaliza: dereva alikuwa na mke mwingine Bukavu, na dada akarudi nyumbani kwa miguu akiwa amevaa viatu vya yule mke. Béata alisimama na sinia mkononi nyuma ya mlango mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo mzee alikuja kila Jumapili. Béata alikoroga chai, akawaachia sebule, akakaa uani na kuku wa muuza maharage.

Mvua za Aprili zilipofika, alasiri moja radi ilipiga upande wa ziwa na umeme ukakatika. Sauti ya mama ikatoka kwenye ngazi.

"Béata! Kiti imekataa."

Alikuwa amekwama katikati, kati ya juu na chini. Béata akapanda mbio, akageuza mgongo, akainama. "Kuja, Mama. Nikubebe."

"Hapana."

"Umeme itachelewa."

"Nitangoja. Usinibebe tena, mwana wangu."

Béata akageuka. "Mbona? Mbele nilikuwa nakubeba kila siku."

"Na mi mbele nilikuwa naogopa kila siku."

"Lakini ulikuwa unanihadisia! Ulikuwa unaongea mpaka tunafika."

"Ni woga," mama alisema kwa upole. "Kinywa ikiongea, roho inasahau kama tunaweza kuanguka. Sasa siogopi."

Béata alikaa kwenye ngazi, chini ya miguu ya mama. Mvua ilipiga mabati kwa fujo.

"Na Muzehe Straton? Na yeye unamuogopa?"

"Yule ni mugeni. Mugeni ukimuambia mambo ya zamani, kwake ni mupya. We unajua yote."

"Sijui yote, Mama."

"Basi zenye haujue," alisema, "ni zenye sitaki kusema."

Walikaa hivyo, mmoja juu, mmoja chini. Mama akasinzia. Umeme uliporudi, alishtuka, akabonyeza kitufe, na kiti kikampeleka juu. Béata alibaki amekaa pale pale kwenye ngazi.

Mwezi wa Juni Mzee Straton aliiuza nyumba yake. Binti yake wa Kigali alikuwa anamchukua akaishi naye. Alikuja kuaga siku ya kazi, akiwa amevaa koti zito. Mama Donatha aliushika mkono wake kwa muda mrefu na hakusimulia kitu. Jumapili iliyofuata alishuka, akakaa sebuleni amevaa kitenge cha kutokea, mpaka misa ya pili ikatoka. Kisha akapanda. Hakumtaja tena.

Na Béata akarudi Petite Barrière. Uwase, mke wa muuza maharage, alikubali kumwangalia mama asubuhi. Béata alinunua beseni, akaanza kuvusha sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Wa kundi lake la zamani hakumkuta hata mmoja. Mmoja alikuwa amefariki, wengine wamehama, na wasichana wa foleni walimpisha mbele wakimwita mukecuru, yaani bibi kizee, kwa heshima tupu, bila utani. Alivuka peke yake, akauza, akarudi.

Jioni aliingia chumbani kwa mama, akakaa ukingoni mwa kitanda huku akinuka samaki. Akaanza kusimulia: leo kuna mwanamke amepoteza kiatu kwenye msongamano, akavuka mpaka Goma na kiatu kimoja, akarudi nacho hicho hicho. Mama alikuwa ameelekea dirishani, uso hauonekani vizuri. Hakucheka, wala hakuuliza kitu.

"Halafu iko mwingine," Béata akasema, akasogea karibu zaidi, akaendelea.