Nundu Sita za Mkwaju wa Nyamuswa

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Burito alifunga nundu ya kwanza kwenye mashine ya kukereza, akakaza skrubu nne, kisha akaizungusha kwa mkono kuona kama imekaa sawa. Nje ya karakana yake, juu kidogo ya mwalo wa Mwigobero mjini Musoma, akina mama walikuwa wanaanika dagaa huku wakibishana kama mvua itanyesha. Akawasha mota. Mbao ya kawaida ina mwelekeo wake wa nyuzi, nawe unaufuata. Nundu ya mkwaju ina mielekeo yote kwa pamoja, na patasi ikikamata vibaya mara moja tu, bakuli unalochonga linachomoka na kuja kukutafuta usoni. Burito alikuwa na kovu juu ya nyusi la kuthibitisha hilo, na aliwaonyesha wateja kovu hilo kama fundi mwingine anavyoonyesha cheti.

Nundu hizo alizitoa Nyamuswa kwa shemeji yake Masatu, mume wa marehemu dada yake Nyangi. Miezi michache baada ya mazishi Masatu alimpigia simu, akamwambia anakata mkwaju ulio nyuma ya jiko, je, zile nundu anazitaka? Burito akakodi pikapu, akaenda. Walisimama chini ya mti wawili hao, wakatazama juu. Nundu zilikuwa sita, na ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Hizi zilikuwaga zinaota kila Nyangi akirudi kutoka kwenu," Masatu alisema, akiigonga mojawapo kwa ubapa wa panga. "Anarudi leo, kesho asubuhi nakuta moja. Mimi nilijua mti unaumwa."

"Mkwaju ni mti mgumu," Burito alijibu.

"Mgumu kweli, shemeji."

Wakaanza kukata. Burito akazipaka nta ili zisipasuke, akaziweka kivulini karibu mwaka mzima.

Hapo inabidi isemwe kwa nini Nyangi alikuwa anakwenda kwao na kurudi. Masatu alikuwa anampiga. Alipopigwa sana alifunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda basi na kwenda kwao. Mara tatu za kwanza alikwenda Butiama, kwa wazazi. Wazazi walipofariki, akawa anakuja Musoma kwa Burito, kaka yake wa pekee. Na kila mara Burito alimpa chakula, akamsikiliza, akampa pole, kisha akamrudisha. Hakuwa mtu mkatili. Ng'ombe kumi na wanne wa mahari waliotoka kwa Masatu walilala kwenye zizi la Butiama usiku mmoja tu. Asubuhi yake walitembezwa hadi Kiabakari, wakaenda kumwoa Mary, mke wa Burito. Nyangi akirudi kwao moja kwa moja, ng'ombe nao warudi kwa Masatu. Ng'ombe wakirudi, Mary naye arudi kwao. Jambo hilo kila mtu alilijua, Mary akiwa wa kwanza, na hakuna aliyewahi kulitamka wakati wa kula.

Bakuli la kwanza lilikamilika Alhamisi. Burito alilipiga msasa mpaka likang'aa, akalipaka mafuta, akalipuliza vumbi la ndani. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo basi la Nyamuswa lilikuwa linaingia mjini siku zile. Bakuli likasema kwa sauti ya Nyangi, "Kaka, nimechoka miguu."

Burito alizima redio. Alikumbuka siku hiyo vizuri, siku Nyangi alipokosa nauli akaja kwa miguu, na alikumbuka alichomjibu. Alimjibu kwamba kesho atapanda basi, hatatembea. Akalifunga bakuli kwenye gazeti, akalipeleka kwa Flora, mwenye duka la mapambo karibu na stendi.

Flora alilisikiliza kesho yake saa nane, akaligeuza kuangalia chini.

"Linasema mara moja tu kwa siku?"

"Mara moja."

"Hamna shida. Watalii wanaoshukaga hapa hawajui Kiswahili, watajua linawasalimia. Leta na mengine."

Akaleta la pili, la tatu, la nne na la tano. Moja lilisema, "Mama, usimwambie baba." Lingine lilisema, "Ni mlango tu, nilijigonga." Yote yaliuzwa. Mteja mmoja tu alilirudisha la kwake, mwalimu mstaafu wa pale pale Musoma, na hakulalamika kwamba linaongea. Alilalamika kwamba linaongea familia ikiwa kwenye sala. Flora akambadilishia kwa kinyago cha twiga.

Burito aliuza sauti ya dada yake na hakujisikia vizuri, tusimsingizie. Lakini maneno ya mabakuli hayo matano aliyajua tayari. Alikuwepo yaliposemwa, Butiama na Musoma. Bakuli alilokuwa analingoja ni la sita.

Mara ya mwisho Nyangi alipokuja, Burito alikuwa karakana, anakereza miguu ya vitanda vya bweni, kazi ya haraka. Dada yake alisimama mlangoni na kitenge chake, kando ya benchi la wateja. Midomo yake ilicheza. Mashine ilikuwa inanguruma, na Burito hakuizima. Alimwonyesha stendi kwa kidevu, akapaza sauti, "Rudi kwako, dada! Nitakuja Jumapili tuongee!" Akaendelea na mguu aliokuwa nao. Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa mtupu. Jumapili hakwenda. Wiki ya tano simu ikapigwa kutoka Nyamuswa, wakasema presha. Kaburini pia walisema presha, na Burito akaitikia, akatupa udongo wake.

Tangu siku ile hakuwa akijua ile midomo ilisema nini, na hilo ndilo lililomtafuna. Kama alimwambia kwamba safari hii Masatu atamuua, basi Burito alimpeleka dada yake machinjioni kwa kidevu. Kama alisema jambo lingine, huenda angepata pa kuegemeza kichwa chake. Kwa hiyo nundu ya sita aliikereza kwa woga. Ilikuwa na ganda lililomezwa katikati, na mashimo yasiyoonekana mpaka patasi iyafikie. Siku ya pili ufa ukafunguka upande mmoja. Alizima mota, akachanganya gundi na vumbi la mkwaju, akauziba, akangoja siku mbili bila kugusa kitu. Kisha akaendelea, akikwangua kidogo kidogo. Alijua akiharibu hapo, hakuna wa kumuuliza tena.

Jumamosi alilimaliza. Hakulipeleka kwa Flora. Alilipeleka nyumbani, akaliweka juu ya kabati, akakaa mbele yake na mkewe. Mary alikuwa ameacha kufua ili asikilize, povu bado mikononi.

Saa nane bakuli likasema, "Kaka, sijaja kukaa. Naomba nikae hapa tu mpaka jua lipoe."

Hakuna lililoongezwa. Burito alingoja. Mary alifuta mikono kwenye kanga yake.

"Ni hivyo tu?" Burito aliuliza.

"Ni hivyo tu," Mary alisema, akaanza kulia. "Saa mbili tatu tu, Baba Ghati. Na benchi lilikuwepo."

Burito alijaribu kulia, akashindwa. Angelistahimili lile neno kubwa alilokuwa analiogopa, kwa sababu lile neno lilikuwa na ng'ombe kumi na wanne ndani yake, na ng'ombe kumi na wanne ni sababu ambayo mwanamume anaweza kuieleza mbele ya watu. Hili la benchi hakuwa na namna ya kulieleza. Usingizi ukampungua. Bakuli lilibaki juu ya kabati, likasema lake kila siku saa nane, na wageni wakalizoea. Mchungaji alipokuja kuwatembelea na kulisikia, alisema lina ufundi, akaomba chai iongezwe sukari.

Mwezi wa tisa akaja Ghati, binti yao wa kwanza, aliyeolewa Bunda. Alifika saa saba na nusu akiwa na begi, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja?"

"Nimekuja."

Mary akampokea begi, akaliweka chumbani. Akatoka, akasimama mbele ya mumewe. "Mtoto ana jicho."

"Nimeliona."

"Sasa?"

"Mama Ghati, Elias ameshaoa."

Elias ni mdogo wake Ghati. Ng'ombe waliotoka Bunda kwa ajili ya Ghati walikwenda kumwoa mke wa Elias mwezi wa sita, naye mke wa Elias alikuwa na mimba. Mary mwenyewe aliingia katika nyumba hiyo kwa mlango huo huo, na aliona aibu kuuziba au kuufungua.

Ghati alikuwa amesimama ukumbini, hajui kama akae. Saa nane ikafika. Bakuli likasema lake. Burito alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka upesi sana, akamvutia binti yake kiti chake mwenyewe, kile chenye mto.

"Kaa, mwanangu," alisema, na safari hii machozi yalimtoka. "Kaa hapa mpaka jua lipoe."

Ghati akakaa. Burito hakurudi karakana siku hiyo. Alimletea maji ya kunawa, akamtafutia kitambaa cha baridi cha jicho, akamuuliza habari za shamba na za mbuzi wake. Walikula pamoja ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa. Ghati alicheka mara moja. Alipoanza kusinzia, Burito alifunga pazia ili mwanga usimsumbue, akakaa kando yake akifukuza nzi kwa gazeti. Saa kumi Mary alichukua kikapu, akateremka Mwigobero kununua samaki wa jioni, moyo wake ukiwa umetulia kidogo.

Saa kumi na moja Burito alitoka nje, akautazama ukuta wa jirani; jua lilikuwa limeshauacha. Akaingia chumbani, akalitoa begi, akamwamsha Ghati, akalibeba yeye mwenyewe hadi stendi, hakumwachia mtoto ateseke nalo. Alimtafutia Ghati kiti cha dirishani.

"Asante, baba," Ghati alisema. "Nimepumzika."

Gari likaondoka kuelekea Bunda. Burito alitembea kurudi nyumbani polepole, akisalimiana na watu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi amemtendea dada yake haki. Mary alimkuta ukumbini. Alitua kikapu, akatazama kiti, akatazama chumbani.

"Yuko wapi?"

"Jua limepoa," Burito alisema.

Mary akaenda jikoni, akawaparua sato wote watatu aliokuwa amenunua, akabandika kikaango.